Riwaya ya mapenzi na viumbe wa ajabu

Riwaya ya mapenzi na viumbe wa ajabu ni utanzu wa fasihi ambamo binadamu hupendana na mnyonya damu, mzimu, jini au mtu anayegeuka mbwamwitu. Ulishika kasi Marekani: Christine Feehan alichapisha Dark Prince mwaka 1999, Charlaine Harris akatoa Dead Until Dark mwaka 2001, kisha Twilight ya Stephenie Meyer (2005) ikawanasa vijana kwa mamilioni.

Uwezo wa mhusika huwekewa mpaka, na mpaka huo ndio unaozaa mgogoro. Edward Cullen, mnyonya damu wa Meyer, husoma mawazo ya kila mtu isipokuwa ya Bella, msichana anayempenda. Kwa Harris mambo ni kinyume: msoma mawazo ni Sookie Stackhouse, mhudumu wa baa huko Louisiana, na kwa kuwa hasikii mawazo ya wanyonya damu, kwao hupata utulivu.

Umri nao huleta utata. Edward aligeuzwa mnyonya damu mwaka 1918 akiwa na miaka 17, hivyo ujana wa uso wake unaficha karne nzima.

Mwisho huwa wa heri, lakini mwandishi ndiye huamua nani abadilike. Katika Breaking Dawn ya Meyer (2008), Bella mwenyewe anakuwa mnyonya damu.