Barua Zilizopita Nyumbani kwa Mtu

Tarehe 12 Novemba 1991, kompyuta ya Chuo Kikuu cha Rhodes, katika mji wa Grahamstown ambao leo unaitwa Makhanda, Afrika ya Kusini, ilituma salamu fupi kwenye waya wa simu uliokodiwa. Salamu ile haikuwa na maneno. Ilikuwa ni hodi tu, ya mtu anayetaka kujua kama mna mwenyeji ndani. Hodi ikaitikiwa, na aliyeitikia hakuwa chuo kikuu kingine, wala wizara, wala shirika la simu. Ilikuwa ni kompyuta iliyokaa nyumbani kwa Randy Bush, katika mji wa Portland, jimbo la Oregon, Marekani. Hiyo ndiyo siku inayohesabiwa kuwa Afrika ya Kusini iliungana na intaneti moja kwa moja.

Zinapoandikwa historia za mawasiliano, sifa aghalabu hupewa satalaiti, nyaya zilizolazwa chini ya bahari na viongozi waliokata utepe. Nyumba za watu hazitajwi, au hutajwa kwa mstari mmoja zikapitwa. Ilhali tangu mwaka 1978, na kwa muda wa miaka zaidi ya 15, barua nyingi za kompyuta za watu wasiokuwa na jeshi wala chuo kikuu nyuma yao zililala na kuamkia majumbani, chini ya ulinzi wa watu wasiolipwa. Mashine ya namna hiyo huitwa seva, yaani mtumishi. Kazi yake ni kukaa macho na kungoja kuulizwa. Anayeuliza huja akenda zake. Mtumishi hana ruhusa ya kulala. Na kwa kuwa mashine haiwezi kujitazama yenyewe, mwenye nyumba naye hulala jicho moja.

Mwanzo wa mambo haya ulikuwa Chicago. Mwezi Januari 1978 theluji kubwa iliufunika mji ule, watu wakafungika ndani. Miongoni mwao walikuwamo Ward Christensen na Randy Suess, wanachama wa klabu ya wapenzi wa kompyuta, ambao walitaka wenzao waweze kuacha ujumbe na kuusoma bila ya kukutana, kama ifanywavyo kwenye ubao wa matangazo. Christensen aliandika programu, Suess akaunga vyuma. Tarehe 16 Februari ya mwaka huohuo ubao wao, ulioitwa CBBS, ukafunguliwa. Mashine iliwekwa nyumbani kwa Suess kwa sababu nyepesi kabisa: nyumba yake ilikuwa ndani ya mji, na aliyepiga simu kutoka mtaa wowote wa Chicago hakutozwa bei ya simu ya mbali. Tangu hapo mahali pa kuweka seva ya nyumbani pamekuwa pakiamuliwa na bei ya simu, umeme, na uvumilivu wa watu wanaoishi na mashine hiyo. Jambo hili la mwisho halijapata kuandikiwa historia, nalo linastahiki.

Ubao ule ulikuwa na waya mmoja wa simu. Aliyeingia alikuwa peke yake, na wengine wote walisubiri akate. Simu ilipolia, programu ilijipakia upya kutoka kwenye diski ndipo ikamkaribisha mgeni. Herufi zilipita kama 30 kwa sekunde moja, mwendo ambao ubeti mmoja wa tarbia ungemaliza kufika kwa sekunde sita au saba. Kwa mwendo huo, ubao wa Suess ulipokea simu zaidi ya 250,000 kabla haujafungwa.

Mwaka mmoja kabla ya theluji ile, Christensen alikuwa ameshatunga kanuni ya kupitisha mafaili kwenye simu, ijulikanayo kwa jina la XMODEM. Nyaya za simu zina mikwaruzo, na mkwaruzo mmoja waweza kuibadilisha herufi au kuimeza. Basi faili hukatwa vipande vya baiti 128, na kila kipande hufuatwa na jumla ya thamani za baiti zake. Mpokeaji naye hujumlisha. Hesabu zikilingana hujibu kwamba amepokea. Zisipolingana huomba arudiwe, na hakiendi kipande cha pili mpaka cha kwanza kisihi. Mpenzi wa ushairi hataona ugeni hapa. Anayenakili shairi la mizani kumi na sita, akafika kwenye mshororo wenye kumi na tano, hahitaji kumuuliza mtunzi ili ajue kwamba pana silabi imedondoka. Udhaifu wa hesabu hizi mbili nao ni mmoja. Maneno mawili yakibadilishana nafasi ndani ya kipande kimoja cha mshororo, mizani hubaki ileile na maana ikaharibika. Hali kadhalika baiti mbili zikipishana, jumla haisemi kitu. Kwa ajili hiyo XMODEM ilikuja kuongezewa hesabu nyengine kali zaidi, inayotazama mpangilio pamoja na idadi.

Bao za namna ile zilienea Marekani, kila moja ikiwa kisiwa. Aliyeziunganisha alikuwa Tom Jennings wa San Francisco. Programu yake aliiita Fido, jina la mbwa, na mwaka 1984 aliifundisha kuipigia simu mashine ya mwenzake John Madill aliyekuwa Baltimore, upande wa pili wa nchi, usiku wa manane wakati bei ya simu imeshuka. Barua za mchana zilikusanywa zikafungwa pamoja, na ilipofika saa ya barua mashine zilipigiana, zikapeana mizigo, zikakata. Hivyo ndivyo ulivyozaliwa mtandao wa FidoNet, ambao katikati ya miaka ya 1990 ulikuwa na vituo zaidi ya 30,000 duniani, vingi vyao majumbani.

Matengenezo ya mtandao ule yalikuwa ni elimu ya aina yake. Kila kituo kilitegemea orodha ya namba za simu iliyonakiliwa kutoka mashine hadi mashine. Namba moja ikikosewa, mashine hazikujua kuona haya: zilipiga, zikasikia sauti ya binadamu aliyeamshwa usingizini, zikakata, kisha zikapiga tena. Kosa la namna hii lilipata kumfika mtu asiyehusika katika siku za mwanzo za FidoNet, na Jennings mwenyewe amelisimulia. Funzo lake lilikuwa la kiufundi, lakini lilikuwa pia la ujirani: mashine inayofanya kazi barabara kwa mwenyewe yaweza kuwa balaa kwa mwengine, na mwenyewe asijue mpaka akae usiku aisikilize kwa masikio yake.

Sasa turudi Grahamstown. Mwaka 1986 Bunge la Marekani lilikuwa limepitisha sheria ya vikwazo dhidi ya Afrika ya Kusini, na milango mingi ya mitandao rasmi ilifungwa kwa nchi ile. Mwaka 1988 wataalamu wa kompyuta wa Rhodes, Mike Lawrie, Dave Wilson na Francois Jacot Guillarmod, walitafuta njia ya barua. Waliipata kwa FidoNet, kupitia mashine ya nyumbani kwa Bush, ambayo mguu wake mmoja ulikuwa kwenye FidoNet na wa pili kwenye intaneti. Barua ya mwanachuoni wa Grahamstown ilisafiri kwa simu ya kimataifa mpaka Portland, ikabadilishwa vazi, ikaendelea na safari yake kama barua yoyote nyengine.

Msomaji wa pwani hawezi kulisoma jambo hili bila ya kusita. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake Dar es Salaam tangu 1963, na kutengwa kwa serikali ya makaburu, pamoja na vyuo vyake, kulikuwa ni wito wa wapigania uhuru wenyewe. Je, mtu mmoja aliyekaa kwake alikuwa na haki gani ya kufungua mlango ambao wengine walikuwa wameukubali ufungwe? Yuko atakayejibu kwamba barua si silaha, na kwamba ndani ya vyuo vile walikuwamo waliopinga ubaguzi, ambao upweke uliwaumiza kuliko ulivyoiumiza serikali. Jibu hilo lina uzito, lakini halilimalizi swali. Jambo lisilo na shaka ni kwamba uamuzi ulifanyika nyumbani, bila ya kikao wala muhuri. Mwenye seva alikuwa ndiye bawabu. Na huo ndio uzuri na hatari ya mashine ya nyumbani: mlango wake hufuata dhamiri ya mtu mmoja. Mwezi Julai 1991 Rais wa Marekani aliviondoa vikwazo vingi, na hodi ya Novemba, ile iliyotajwa mwanzoni, ilibishwa hewa ikiwa imekwisha badilika.

Mlango uleule ulikuja kuwafaa na watu wa kwetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 vyuo vikuu vya Nairobi, Dar es Salaam, Makerere, Zambia na Zimbabwe viliunganishwa kwa FidoNet katika mradi ulioitwa ESANET. Simu ndiyo iliyokuwa adui mkubwa, kwani laini ilikatika katikati ya barua na gharama yake ikabaki palepale. Faida ya FidoNet ilikuwa ni subira yake. Haikudai laini iwe wazi mchana kutwa. Iliridhika na dakika chache nzuri za usiku. Mwaka 1993 Kenya ilipopewa jina lake la intaneti, yaani ile .ke inayomalizia anwani, msimamizi alitajwa kuwa Dakta Shem Ochuodho, na msimamizi wa upande wa ufundi akatajwa Randy Bush. Kwa muda wa miaka tisa hivi jina la nchi nzima lilitegemea uangalizi wa watu wawili, mmoja wao akiwa ng'ambo ya bahari mbili. Mwezi Desemba 2002 ndipo ilipokubaliwa kwamba jukumu hilo lihamie KeNIC, chombo cha Wakenya wenyewe.

Ukarimu wa aina hii haukudumu. Katika miaka ya 1980 seva iliyopokea barua ya mtu yeyote na kuipeleka mbele ilikuwa na adabu nzuri, sawa na nahodha anayechukua bahasha ya jirani. Zilipokuja barua za matangazo kwa mamilioni, seva kama hizo zikawa ndizo njia ya wahuni. John Gilmore wa San Francisco alikataa kuifunga ya kwake, toad.com, kwa hoja kwamba marafiki zake wasafiri waliihitaji na kwamba kuziba njia si dawa. Mwaka 2001 kampuni iliyokuwa ikimpa waya ilimzuia. Gilmore alikuwa na haki ya kulalamika, na majirani zake wa mtandaoni walikuwa na haki ya kuchoka. Lakini kilichobadilika kilikuwa kikubwa kuliko ugomvi wao: bawabu hakuwa tena mwenye nyumba, alikuwa mwenye waya.

Leo vyuma ni rahisi kuliko wakati wowote. Tangu mwaka 2012 kuna kompyuta ya Raspberry Pi, isiyozidi ukubwa wa kiganja, nayo yatosha kuhifadhi maktaba ya familia, picha za harusi na kanda za taarabu zilizogeuzwa kuwa mafaili. Tabu iko kwengine. Seva ikinyamaza, mwenyewe huanza na umeme, na wasomaji wa Unguja waliopitia giza la mwezi mzima la 2008 na la miezi mitatu lililoanza Desemba 2009 wanajua kuwa swali hilo si la kitoto. Umeme ukiwapo, huibishia hodi kutoka chumba cha pili. Ikiitika ndani na isiitike kwa aliye nje, mashine ni nzima na lawama ni ya njia. Hapo ndipo wengi hukwama, kwa sababu namba za anwani za intaneti za mtindo wa zamani zilikuwa bilioni nne na ushei tu, na ghala kuu lilikwisha Februari 2011. Kampuni nyingi sasa huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, na nyumba zilizo nyuma yake zaweza kutoka kuuliza lakini haziwezi kubishiwa hodi.

Anayelishinda hilo, kwa kulipia anwani yake peke yake au kwa kupitia njia ya siri hadi kwenye mashine iliyo mahali pengine, humkuta adui wa kimya, nayo ni diski. Diski hufa bila ya kuaga, na kuwa na diski mbili pembeni mwa kila mmoja hakusaidii radi ikipiga au mwizi akipita na kisanduku kizima. Nakala ya pili hutakiwa iwe nyumba nyengine, na hutakiwa ijaribiwe kufunguliwa, kwani wapo waliogundua siku ya msiba kwamba walikuwa wakinakili faili tupu kwa mwaka mzima.

Mambo hayo yote huwezekana, na wako wanaoyafanya kila siku, Ulaya, Marekani na hapa pwani. Barua ndiyo iliyoshindikana kwa walio wengi. Barua itokayo kwenye anwani ya nyumbani, hata ikiwa na sahihi zote zinazotakiwa, aghalabu hurudishwa au hutupwa na kampuni kubwa zinazowahifadhia watu masanduku yao, kwa kuwa anwani za majumbani huhesabiwa kuwa za kushukiwa mpaka zitakapothibitishwa vyengine. Basi wenye seva za nyumbani huweka kwao picha, vitabu na nyimbo, na barua wakazipeleka kwa kampuni.