Nakala Moja Haitoshi: Funzo la Ombaci na Diski ya Mfukoni



Ndugu msomaji, mama mmoja wa jumuiya yetu alituuliza swali linaloonekana dogo. Kompyuta ya nyumbani kwake imeanza kuzimika ovyo. Ndani yake mna picha za harusi, vyeti vya watoto, hati ya kiwanja, na sauti ya marehemu baba yake akisimulia maisha yake. Je, anunue diski gani ya nje ili vitu hivyo visipotee?

Swali lake tutalijibu, in shaa Allah. Lakini mtu akiambiwa "nunua hii" bila kuelewa anajikinga na nini, atanunua kitu kizuri na bado atapoteza mali yake. Kwa hiyo tuanze na historia ya kwetu wenyewe, kisha turudi dukani.

Yaliyotokea Ombaci

Vijana wengi wanaijua Ombaci kwa shule yake ya sekondari, St Joseph's College, nje kidogo ya mji wa Arua. Wazee wanaikumbuka kwa jambo jingine.

Tarehe 11 Aprili 1979 jeshi la Tanzania pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni waliiteka Kampala, na utawala wa Idi Amin ukaanguka. Kwa kuwa Amin alihesabiwa mtu wa Koboko, watu wa West Nile nzima walitazamwa kama wafuasi wake, hata mkulima ambaye hakuwahi kuiona Kampala. Oktoba 1980 askari wa zamani wa Amin walivuka mpaka na kushambulia Koboko na Arua. Jeshi jipya la serikali, lililoitwa UNLA, liliporudi lilikimalizia kisasi chake kwa raia. Nyumba zilichomwa, maduka yakaporwa, na watu kwa mamia ya maelfu wakakimbilia Zaire, ambayo leo ni Kongo, na Sudan.

Maelfu ya waliobaki walikwenda kujificha katika misheni ya Wakatoliki ya Ombaci, wakiamini kwamba mahali pa ibada hapataguswa. Tarehe 24 Juni 1981 askari wa UNLA waliwashambulia humo humo. Makumi ya watu waliuawa, wakiwemo wanawake na watoto, na wengi zaidi walijeruhiwa. Kaburi la pamoja lipo pale mpaka leo, na kila inapofika tarehe hiyo watu hukusanyika kuwakumbuka.

Kilichopotea pamoja na watu

Uhai wa mtu haulinganishwi na karatasi, na hatusemi hivyo. Lakini wenye kuishi baada ya msiba ndio hulipa gharama ya karatasi zilizopotea.

Fikiria familia inayotoka nyumbani usiku kuelekea mpakani. Anayebebwa ni mtoto, kinachobebwa ni sufuria na unga. Cheti cha shule kimebaki sandukuni. Cheti cha ubatizo au cha ndoa, barua ya mauzo ya shamba, picha pekee ya babu, vyote vimebaki chini ya paa la nyasi linalongoja kiberiti. Wengine hawakurudi mpaka baada ya mwaka 1986. Waliporudi, mipaka ya mashamba ilikuwa imefunikwa na pori na shahidi wa mpaka alikuwa amefariki uhamishoni.

Deni hilo halikuisha mara moja. Uganda ilipoandikisha raia wake kwa ajili ya vitambulisho vya taifa mwaka 2014, kila mtu alitakiwa kutaja tarehe yake ya kuzaliwa. Asiye na karatasi alikisia. Sasa posho ya wazee inatolewa kwa kuangalia umri ulioandikwa kwenye kitambulisho, na mzee aliyekisia vibaya anaweza kuikosa kwa tarehe ambayo hakuwa na njia ya kuithibitisha.

Na vipi kuhusu picha? Hapa kuna jambo la kutafakari. Mwaka 2015 katika shirika la utangazaji la Uganda, UBC, palipatikana kabati lenye negativu za wapiga picha wa serikali, nyingi zikiwa za zama za Amin. Zilikadiriwa kufika 70,000. Kazi ya kuziingiza kwenye kompyuta ilianza mwaka 2018, na mwaka 2019 baadhi zilionyeshwa katika Makumbusho ya Uganda, Kampala. Negativu ilikuwa ndiyo nakala ya akiba ya zama zile: picha ikiraruka, unasafisha nyingine. Lakini picha hizo ni za mikutano, sherehe na wageni wa rais. Serikali ilihifadhi historia ya serikali. Sura ya bibi yako wa Arua haimo kabatini mle. Hiyo ni kazi iliyoachiwa familia.

Wa kale walilijua jambo hili

Kuweka nakala mbali mbali si uvumbuzi wa watu wa kompyuta. Sote tulifundishwa madrasa kwamba baada ya vita vya Yamama, vilivyoua wengi waliohifadhi Qur'ani vifuani, Khalifa Abu Bakr alimwamuru Zayd bin Thabit aikusanye katika maandishi. Nakala ile ikafika mikononi mwa Bibi Hafsa. Katika zama za Khalifa Uthman ikanakiliwa, na misahafu ikapelekwa katika miji mikubwa ya Waislamu. Lengo lilikuwa kuwaunganisha watu katika kisomo. Lakini angalia pia faida iliyopatikana: mji mmoja ukiungua, miji mingine inayo.

Karibu na kwetu ni Lamu, pwani ya Kenya. Msikiti wa Riyadha una miswada ya zamani ya Kiarabu iliyokuwa ikiliwa na wadudu na unyevu wa bahari. Katika miaka ya 2010 ilipigwa picha ukurasa kwa ukurasa kwa msaada wa mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini. Miswada yenyewe ikabaki Lamu, na picha zake zikahifadhiwa pia mbali na bahari ile.

Na usidhani hatari ni ya vita tu. Usiku wa kuamkia tarehe 20 Septemba 2020 jengo kuu la Chuo Kikuu cha Makerere, lililojengwa mwaka 1941, liliungua, na nyaraka nyingi zikateketea. Hakukuwa na adui mpakani usiku ule. Moto hautafuti sababu.

Kutoka tani moja hadi mfukoni

Sasa tuje kwenye chombo chenyewe. Mwaka 1956 kampuni ya IBM ya Marekani ilitoa diski ngumu ya kwanza iliyouzwa pamoja na kompyuta iliyoitwa RAMAC. Ilikuwa na sahani 50, kila moja yenye upana wa inchi 24, na uzito wake ulikaribia tani moja. Kompyuta hiyo ilikodishwa kwa dola 3,200 kwa mwezi. Diski yake ilibeba herufi milioni 5. Picha moja tu ya simu yako ya leo inaweza kuijaza.

Mwaka 1980, katikati ya misukosuko ya West Nile, kampuni iliyokuja kujulikana kama Seagate ilitoa diski ndogo ya kuingia ndani ya kompyuta ya mezani. Nayo ilibeba megabaiti 5. Mwaka 2007 ikatoka diski ya kwanza ya terabaiti 1, yaani gigabaiti 1,000. Leo terabaiti hiyo inakaa katika kiboksi cha kuingia mfukoni. Ikiwa picha moja ni megabaiti 4, terabaiti 1 inabeba picha 250,000. Saa nzima ya sauti ya mzee akisimulia ni kama megabaiti 60 tu. Mtu aliyekimbia mwaka 1980 hakuweza kubeba sanduku la karatasi. Mtu wa leo anaweza kubeba masanduku elfu ndani ya kanzu yake. Basi hatuna udhuru waliokuwa nao wazee wetu.

Ukienda dukani

Kwanza, ukubwa. Angalia kompyuta yako imetumia nafasi kiasi gani, kisha nunua angalau mara mbili yake. Kwa familia nyingi terabaiti 1 yatosha.

Pili, aina. Diski za inchi 2.5 hupata umeme kupitia waya wa USB wa kompyuta na hizo ndizo za kubeba. Kubwa za inchi 3.5 huhitaji adapta yake ya ukutani, na sisi tunaujua umeme wetu. Kuna za sahani zinazozunguka, kwa kawaida mara 5,400 kwa dakika. Hizo ni za bei nafuu lakini haziwezi kuanguka zikiwa kazini, maana kichwa cha kusomea kinaelea karibu sana na sahani. Na kuna SSD zisizo na kitu kinachozunguka. Hizo huvumilia mtikisiko na ni nyepesi, lakini bei iko juu, na hazifai kuachwa kabatini miaka bila kupewa umeme.

Tatu, jihadhari na bandia. Ukiona kidude cha "terabaiti 16" kinauzwa kwa bei ya flashi, kikimbie. Vitu hivyo hutengenezwa ili viidanganye kompyuta kuhusu ukubwa wake: unaweka picha, unaziona majina, na zile zilizozidi nafasi halisi hazipo. Nunua kwa mwenye duka anayetoa risiti na dhamana. Kabla hujaiamini, ijaze mafaili kisha uyafungue. Zipo programu za bure za kupima jambo hili, kama H2testw na F3.

Nne, mpangilio. Diski iliyopangwa kwa mfumo wa exFAT husomeka kwenye Windows na kwenye Mac. Ule wa zamani wa FAT32 haupokei faili lililozidi gigabaiti 4, kwa hiyo video ndefu ya harusi itakataa.

Kuhamisha si kunakili

Ndugu msomaji, hapa ndipo wengi wanapoteleza. Mtu ananunua diski, anahamishia picha zake zote, kisha anazifuta kwenye kompyuta ili "apate nafasi". Amefanya nini? Alikuwa na nakala moja ndani ya kompyuta, na sasa ana nakala moja ndani ya diski, kitu ambacho ni rahisi zaidi kuanguka na kuibiwa. Hajahifadhi chochote, amebadilisha sanduku tu.

Mpiga picha wa Marekani Peter Krogh alieneza kanuni nyepesi kukumbuka: nakala 3, katika vyombo vya aina 2, na nakala 1 iwe nje ya nyumba. Hiyo ya tatu ndiyo funzo la Ombaci. Diski iliyo kwenye droo ile ile ya kompyuta itaungua pamoja nayo na kuibiwa pamoja nayo. Kama unakaa Arua, nakala moja iwe kwa dada yako Koboko au kwa mjomba Kampala. Anayeweza kutumia hifadhi ya intaneti naye afanye hivyo, lakini asiitegemee peke yake, maana nywila husahaulika na malipo hukatika.

Fanyeni hivi nyumbani. Kila mwisho wa mwezi kijana mmoja aunganishe diski, anakili vipya, aitoe kwa utaratibu kupitia kompyuta na si kwa kuichomoa tu, kisha aiweke pakavu. Isiachwe imeunganishwa muda wote, kwani virusi vinavyofunga mafaili na kudai pesa hufunga na yale ya diski. Mafaili yaanze na tarehe, mwaka kwanza, na kila picha iandikwe majina ya waliomo. Picha isiyo na majina itakuwa ya wageni baada ya miaka 30. Wekeni nywila kwenye hati za siri, na watu wawili wa familia waijue. Kila baada ya miezi 6 fungueni mafaili machache mhakikishe yanasomeka. Diski ikifikisha miaka 5, nunueni nyingine kabla haijawaaga.

Kwa mama yetu aliyeuliza

Dada yetu, nunua mbili za terabaiti 1, za inchi 2.5, si moja kubwa. Kama pesa haitoshi, nunua moja leo na ya pili mwezi ujao, na katikati weka sauti ya baba yako kwenye flashi na kwenye simu ya mwanao. Anza na sauti hiyo kabla ya picha za harusi. Harusi ilihudhuriwa na wengi na kila mmoja ana picha zake. Sauti ile iko mahali pamoja tu duniani, katika kompyuta inayozimika.

Na sisi wengine tujiulize. Aliyekuwa na miaka 20 siku ile ya Ombaci sasa amepita 60. Mengi ya yaliyotokea West Nile kati ya 1979 na 1986 yamo vifuani mwa watu wa umri huo. Mwombe ruhusa mzee wako, maana mengine ni machungu na ana haki ya kukataa. Akikubali, mrekodi, mwulize majina na mahali, kisha nakili jioni hiyo hiyo. Simulizi aliyokukabidhi ni amana, na amana haiachwi mlango mmoja.

Allah awarehemu waliotangulia na atulindie tulivyo navyo. Wabillahi tawfiq.