Chai ya kijani kwa tui

Nyamisati, ukisubiri boti ya Mafia, utauziwa chai ya rangi au ya maziwa. Ya kijani tunajipikia nyumbani: mchaichai wa uani, tui la nazi, sukari, basi.

Ila jina linachekesha. Mchaichai ni nyasi tu. Chai yenyewe Wajerumani waliipanda Amani, Usambara, mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1915 manowari yao Königsberg ikaangamia humu deltani. Majani ya chai yakabaki, na nyasi ikabaki na jina la kuazima. Kabla ya hapo iliitwaje? Wazee niliowauliza wanacheka.

Chemsha mchaichai, chuja, epua, ndipo utie tui zito. Likichemka, linakatika. Bibi alikuwa akilipandisha na kulishusha kwa upawa, hasemi na mtu.