Kuuza Mtandaoni Bidhaa Zilizoko Arusha: Hukmu Yake na Namna ya Kumpata Msambazaji Mwaminifu

Himdi Anastahiki Allaah (Subhaanahu wa Ta'aalaa), na swalah na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam), jamaa zake na Maswahaba zake wote.

Biashara ya kuuza bila ya kuwa na ghala, ambayo vijana wanaiita dropushipingi, imeingia majumbani mwetu Unguja na Pemba. Mama anafungua duka katika WhatsApp au Instagram, anaweka picha za mashuka, shanga na ndala za katambuga kutoka Arusha, anapokea oda na pesa, kisha anampigia muuzaji wa Arusha atume mzigo kwa mteja. Mtaji wake ni simu na uaminifu wake. Ndiyo maana wengi wanaipenda, na ndiyo maana pia inawaingiza wengi katika madeni, ugomvi na mauzo yasiyosihi kisheria. Makala hii inakusanya mambo mawili ambayo hayatengani: hukmu ya biashara hiyo, na namna ya kumpata msambazaji wa kuaminika Arusha na vijiji vya Mlima Meru.

1. Mahali penye tatizo

Tuchukue mfano. Mama wa Chake Chake anataka mashuka 20 kwa ajili ya watoto wa madrasa ya bweni. Anaona picha katika duka la binti aliyeko Mtoni, Unguja, na anamtumia pesa yote. Binti hana hata shuka moja. Picha ameipata kwa muuzaji wa Arusha ambaye hajawahi kumwona. Ameuza kitu maalumu, kile kilichoko pichani, nacho ni mali ya mtu mwingine.

Sura hii ndiyo aliyoiuliza Swahaba Hakiym bin Hizaam (Radhiya Allaahu 'anhu). Alikuwa akijiwa na mtu anayetaka kitu asichokuwa nacho, akamuuzia, kisha akaenda kukinunua sokoni. Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) akamkataza kuuza asichokuwa nacho. Hadiyth hiyo imepokewa na Abu Daawuud, At-Tirmidhiy, An-Nasaaiy na Ibn Maajah. Pia katika Hadiyth ya 'Abdullaah bin 'Amr imekatazwa faida ya kitu ambacho hasara yake haiko juu yako.

Hekima yake inaonekana katika mfano wetu. Muuzaji wa Arusha akipandisha bei, akiishiwa au akizima simu, binti atakuwa amekula pesa ya watu, na mama wa Chake Chake hana mashuka wala pesa.

2. Njia tatu za halali

*Njia ya kwanza: uwakala kwa ujira.* Unamtangazia muuzaji wa Arusha bidhaa zake, yeye ndiye anayeuza, nawe unalipwa ujira unaojulikana. Mteja aambiwe wazi kuwa wewe ni wakala au dalali. Lililo salama zaidi ni kukubaliana kiasi maalumu kwa kila shuka au kila jozi. Wakala anayeongeza bei kwa siri na kuitia mfukoni ile ziada amefanya khiyana, kwani amana aliyopewa ni ya kumuuzia mwenye mali. Njia hii ndiyo nyepesi kwa anayeanza bila ya mtaji.

*Njia ya pili: salam.* Hapa huuzi shuka lile la pichani. Unauza mashuka yaliyo katika dhima yako kwa sifa: aina ya kitambaa, rangi, urefu, upana, idadi, tarehe ya kukabidhi na mahali pa kukabidhi. Mteja analipa thamani yote pale pale mnapofunga mkataba. Asili yake ni watu wa Madiynah waliokuwa wakilipia matunda kabla ya mavuno, na Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) akawaelekeza wafanye hivyo kwa kipimo kinachojulikana, uzani unaojulikana na muda unaojulikana. Baada ya hapo unaweza kuyatafuta mashuka hayo kwa msambazaji yeyote. Lakini deni ni lako: msambazaji akikuangusha, wewe bado unadaiwa na mteja.

Salam haiingii katika kila kitu. An-Nawawiy katika *Minhaaj* ameeleza kuwa haisihi katika vitu visivyodhibitika kwa sifa, kama vitu vilivyochanganywa, wala katika vito adimu kama lulu kubwa na yakuti. Kitambaa kinadhibitika. Mkufu wa shanga mchanganyiko uliotungwa kwa mkono haudhibitiki kwa urahisi. Kwa kazi za mafundi kama hizo, Baraza la Fiqh la Kiislamu la Kimataifa, katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1992, lilipitisha mkataba wa istiswnaa', yaani kuagiza kitu kitengenezwe kwa sifa na muda maalumu, na likaruhusu malipo yake yawe kwa awamu. Vitabu vya Kishaafi'iy vinabana zaidi katika jambo hili, basi anayeshikamana navyo achague uwakala.

*Njia ya tatu: kununua kwanza.* Mteja anakwambia anataka, bila ya kufunga mauzo. Wewe unanunua, unapokea, kisha unamuuzia. Si lazima usafiri. Unaweza kumweka ndugu au rafiki aliyeko Arusha awe wakala wako wa kupokea, na kupokea kwake ni kupokea kwako. Lakini mzigo ukiharibika kabla ya kumuuzia mteja, hasara ni yako. Hiyo ndiyo inayoihalalisha faida yako.

3. Wapi pa kumtafuta msambazaji

Arusha ina aina tatu za wauzaji, na kosa la kwanza la wanunuzi wa mbali ni kuwachanganya.

- Mtengenezaji. Huyu ni fundi wa katambuga, mama anayetunga shanga au kiwanda. Jiji lina viwanda vya nguo kama Sunflag na A to Z. Kiwanda hutaka oda kubwa, na fundi mmoja hawezi oda kubwa.
- Muuzaji wa jumla au wa rejareja. Wako Soko Kuu, Soko la Kilombero na katika soko la vitu vya utamaduni maarufu kwa jina la Maasai Market. Nje ya jiji kuna magulio ya Ngaramtoni upande wa magharibi na Tengeru upande wa mashariki, kwenye njia ya Usa River.
- Dalali wa mtandaoni. Hana duka wala karakana, anauza picha kama wewe. Ukinunua kwake, mmekuwa watu wawili mnaouza msichokuwa nacho.

Muulize swali moja jepesi: "Mzigo uko wapi sasa hivi, na naweza kumtuma mtu aje kuuona leo?" Mtengenezaji na mwenye duka watakuelekeza mtaa. Dalali ataanza kueleza.

4. Hatua za kumkagua

1. Utambulisho. Jina la biashara Tanzania Bara husajiliwa BRELA, namba ya mlipakodi hutolewa na TRA, na leseni hutolewa na halmashauri. Muombe nakala. Fundi mdogo anaweza kukosa baadhi ya hivi, na hapo ushahidi wa watu wanaomjua unachukua nafasi.
2. Jicho la mtu wako. Mtume ndugu, mwanafunzi wa chuo au jamaa wa msikiti unayemwamini. Akose mtu, piga simu ya video saa za kazi bila ya kutoa taarifa, na uombe kuonyeshwa mzigo, si picha.
3. Sampuli. Nunua shuka mbili au tatu kwa pesa yako. Pima urefu, fua, anika juani. Rangi ikichuja, ni afadhali uchuje kwako kuliko kwa wateja 20.
4. Oda ndogo kwanza. Angalia anavyofungasha, anavyotunza ahadi ya siku, na anavyojibu linapotokea tatizo. Uaminifu hujulikana siku ya tatizo.
5. Malipo. Unapotuma pesa kwa simu, jina linalotokea kabla ya kuthibitisha lilingane na jina la mtu au biashara mliyokubaliana. Likiwa jingine, simama. Pendelea kulipa baada ya wakala wako kuuona mzigo.
6. Maandishi. Suratul-Baqarah, Aayah ya 282, inatuelekeza kuandika madeni ya muda na kuweka mashahidi. Andikeni sifa, idadi, bei, siku, na nani anabeba hasara ya njiani. Ujumbe wa WhatsApp unaojibiwa "nimekubali" ni bora kuliko maneno matupu, na karatasi yenye mashahidi ni bora zaidi.
7. Msambazaji wa pili. Usimtegemee mmoja. Karibu na Iyd au msimu wa watalii mafundi hulemewa, na ahadi huvunjika.

5. Safari ya mzigo

Kutoka Arusha hadi Dar es Salaam kwa barabara ni zaidi ya kilomita 600, kisha kuna boti hadi Unguja au Pemba. Mzigo unapita mikono mingi: basi, mpokeaji wa Dar, bandari, boti. Kila mkono uwe na risiti na namba ya simu. Mwekee mteja muda mpana kuliko unaoutarajia, na hesabu nauli na tozo kabla ya kutaja bei, kwani Zanzibar ina mamlaka yake ya mapato, ZRA. Vyakula, kama kahawa ya Meru iliyokaangwa na kufungashwa, vina masharti ya TBS upande wa Bara na ya wakala wa chakula na dawa upande wetu.

6. Bidhaa za kuchunga

- Vinyago vya watu na wanyama. Vimejaa katika maduka ya watalii Arusha. Sanamu za viumbe wenye roho hazifai kuuzwa. Chagua vijiko, bakuli na masanduku ya mbao.
- Tanzanite. Huchimbwa Mirerani, mkoani Manyara, na kuuza na kununua madini kunahitaji leseni. Ongeza na ugumu wa salam katika vito, na utaona kuwa si biashara ya simu.
- Dhahabu na fedha. Kubadilishana kwa pesa kunatakiwa kuwe mkono kwa mkono. Usiziuze kwa oda.
- Pembe, meno na ngozi za wanyamapori. Sheria ya nchi inazuia biashara yake bila ya kibali, na makosa yake ni mazito. Ngozi ya ng'ombe au mbuzi iliyotiwa dabagha haina tatizo.
- Asili ya bidhaa. Shanga nyingi za kioo wanazotunga akina mama wa Kimaasai hutoka Jamhuri ya Czech, na mashuka mengi ni ya kiwandani. Sema "zimetungwa Arusha" ikiwa ni kweli. Usiseme "zimefumwa kwa mkono" kwa kubahatisha. Kuficha aibu ya bidhaa ni ghushi.

7. Majibu mafupi

*Je, naweza kutumia picha za muuzaji?* Kwa idhini yake, na kama mzigo unafanana na picha.

*Mteja amepokea shuka lenye tobo, nani anawajibika?* Ikiwa wewe ndiye muuzaji, ni wewe. Mteja ana haki ya kurudisha kwa aibu, nawe utadaiana na msambazaji. Ikiwa wewe ni wakala na mteja alijua hivyo, madai ni kwa muuzaji, nawe msaidie kumpata.

*Nimeshauza kwa sura iliyokatazwa, nifanye nini?* Oda ambazo hazijakabidhiwa, mweleze mteja ukweli na umrudishie pesa yake. Kisha, akitaka, fungeni mkataba mpya katika moja ya njia tatu. Yaliyopita kwa kutojua, leta tawbah na ubadilishe mwendo.

Turudi kwa binti wa Mtoni. Angemwambia mama wa Chake Chake, "Mimi ni wakala wa duka fulani Arusha, ujira wangu ni shilingi kadhaa kwa kila shuka, na mtu wangu atayaona kabla hujalipa," faida yake ingekuwa ndogo kidogo, lakini angelala usingizi, na mama angerudi tena mwakani.

Tunamuomba Allaah Aturuzuku halali, Atubarikie katika kidogo chake, na Atuepushe na kula mali za watu kwa batili. Aamiyn.

Na Allaah Anajua zaidi.