Mrama

Mradi umekwenda mrama, safari imekwenda mrama: wengi wetu huku Lubarika, katika uwanda wa Ruzizi, tunalijua neno hili kwa maana ya kuharibikiwa tu. Asili yake ni majini. Mrama ni kule kuyumba kwa chombo kinapopigwa na mawimbi, na mvuvi wa ndagala wa Uvira anaujua mwilini, upepo wa kiangazi unapovuma kutoka kusini.

Wahandisi nao wanalihitaji neno hili. Tangu 2017 mitambo mitano ya upepo inaelea baharini karibu na Peterhead, Uskoti, kila mmoja wa megawati 6, imefungwa kwa minyororo na nanga. Kabla ya kuunda mtambo wa aina hiyo, mrama wake huigwa na kukokotolewa kwa kompyuta. Mwigo huo huchukua kimo cha wimbi, muda kati ya wimbi na wimbi, nguvu ya upepo na uzito wa farumi, yaani mzigo wa kutuliza chombo ulio chini, kisha huonyesha mnara utainama kiasi gani. Hatari kubwa ni mawimbi kufuata mdundo uleule wa kuyumba kwa mtambo, maana kila pigo huongeza nguvu ya lililotangulia.

Ziwa letu la Tanganyika nalo lina kina kinachofika mita 1,470. Kwenye vilindi hivyo mtambo hausimikwi sakafuni, lazima uelee. Kijana wetu atakayesomea fani hii asiambiwe Kiswahili hakina maneno. Mrama, farumi na nanga yapo. Walimu wayafundishe kwa maana zake kamili.