Mipaka ya uhuru wa maoni nchini Tanzania

Mipaka ya uhuru wa maoni nchini Tanzania ni masharti ya kisheria yanayoamua mtu anaweza kusema nini, wapi na kwa njia gani. Masharti hayo hutofautiana kati ya maeneo ya umma, mali binafsi na mtandao wa intaneti.

Msingi wa kikatiba

Ibara ya 18 ya Katiba ya mwaka 1977 inampa kila mtu uhuru wa kuwa na maoni na kuyaeleza, pamoja na haki ya kutafuta, kupokea na kutoa habari. Haki hizo ziliingizwa katika Katiba mwaka 1984. Ibara ya 30 inaruhusu sheria kuziwekea mipaka, kwa mfano kulinda haki za watu wengine na usalama wa taifa.

Katika mali binafsi

Ibara ya 24 inalinda haki ya kumiliki mali, na ibara ya 16 inalinda faragha ya mtu na nyumba yake. Kwa hiyo uhuru wa maoni haumpi mtu ruhusa ya kuingia kwa mwingine ili kuhutubia. Kwa mfano, huko Rubafu na sehemu nyingine za Kagera, mwenye kibanja (shamba la migomba linalozunguka nyumba) anaweza kukataa mkutano usifanyike humo. Tofauti yake ni rweya, yaani eneo la nyasi ambalo kidesturi lilitumiwa na jamii kwa malisho.

Nchini Marekani, Mahakama Kuu iliamua mwaka 1946, katika kesi ya Marsh dhidi ya Alabama, kwamba kampuni inayomiliki mji mzima haiwezi kuzuia ugawaji wa vijitabu vya dini mitaani. Mwaka 2003 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilikataa kuulazimisha mwenye kituo cha maduka cha Uingereza kuruhusu ukusanyaji wa saini (kesi ya Appleby).

Mtandaoni

Mwenye tovuti anaweza kufuta chapisho kwa kufuata masharti yake mwenyewe. Uamuzi huo si adhabu ya dola. Hali hubadilika pale dola inapoagiza.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inaadhibu uchapishaji wa taarifa za uongo, na kifungu cha 32 kinawawezesha polisi kudai data za watumiaji. Juni 2016 mahakama ya Arusha ilimhukumu mkazi mmoja faini ya shilingi milioni 7 au kifungo cha miaka 3 kwa kumtukana Rais John Magufuli kwenye Facebook. Kanuni za maudhui za mwaka 2018 ziliwataka wanablogu kuwa na leseni, na maudhui yaliyolalamikiwa kuondolewa ndani ya saa 12.

Kesi za JamiiForums

JamiiForums ilianzishwa mwaka 2006 na Maxence Melo na Mike Mushi. Watumiaji wake wengi huandika kwa majina ya bandia. Melo alikamatwa tarehe 13 Desemba 2016 baada ya kukataa kuwapa polisi taarifa za watumiaji. Aliachiwa huru katika kesi moja mwaka 2018, lakini mwaka 2020 alitiwa hatiani katika nyingine mbili. Moja iliisha kwa faini ya shilingi milioni 3, nyingine kwa kuachiwa kwa masharti. Septemba 2025 Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) ilisimamisha leseni ya JamiiForums kwa siku 90.