Mganda kabla ya klabu: wanafunzi wa Mbinga na mwambao wa Nyasa nje ya darasa

Historia ya shule za Mbinga na mwambao wa Ziwa Nyasa huandikwa kwa kufuata madarasa: nani alijenga, mwaka gani, walimu walitoka wapi. Mpira, kwaya, mdahalo, skauti na klabu za masomo hutajwa mwishoni kwa sentensi mbili tatu, tena kana kwamba vyote vilishuka melini pamoja na wamisionari. Napinga masimulizi hayo. Vijana wa eneo hili walijua kuunda kikundi, kugawana vyeo, kuchanga, kufanya mazoezi na kwenda kushindana ugenini miongo mingi kabla shule ya sekondari haijawa jambo la kawaida wilayani. Shughuli za wanafunzi zilizofuata zilisimama pale zilipokaa karibu na desturi hiyo, na zilidhoofu pale zilipogeuzwa kuwa agizo la ofisini.

Mchango wa misheni ulikuwa mkubwa, na hauna haja ya kubezwa. Waanglikana wa misheni ya UMCA waliweka makao yao kisiwani Likoma mwaka 1885, na kutoka huko Padri William Percival Johnson alizunguka vijiji vya mwambao kwa zaidi ya miaka arobaini, hadi alipofariki mwaka 1928 na kuzikwa Liuli. Meli yao ya Chauncy Maples, iliyoshushwa ziwani mwaka 1901, ilikusudiwa iwe pia chuo cha walimu kinachoelea. Upande wa milimani Wabenediktini walifungua Peramiho mwaka 1898 na Kigonsera mwaka uliofuata, na seminari ya Kigonsera baadaye ilimpokea kijana aliyeitwa Benjamin Mkapa. Shule hizi zilileta kwaya ya sauti nne, mpira wa miguu, paredi na kengele. Lakini kengele ilikuwa ya padri. Yeye ndiye aliyepanga nani aimbe, nani acheze na saa ngapi.

Kikundi ambacho kengele yake ilishikwa na vijana wenyewe kilitokea kwingine. Vita Kuu ya Kwanza ilifika ziwani mapema: tarehe 13 Agosti 1914 meli ya Waingereza, Gwendolen, iliishambulia ile ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, ikiwa pale Liuli, ambako wakati huo kuliitwa Sphinxhafen. Baada ya vita ngoma ya mganda, iliyoiga gwaride la askari, ilienea vijijini kandokando ya ziwa. Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975 kuhusu ngoma za beni, aliihesabu katika ukoo huo huo wa ngoma za gwaride zilizovuka Afrika Mashariki. Wachezaji walipanga mistari, wamevaa mashati meupe, kaptula na soksi ndefu, wakifuata ngoma kubwa na mirija ya vibuyu. Kibuyu hicho kinastahili kutazamwa kwa karibu. Hutobolewa tundu ubavuni, na tundu hilo huzibwa kwa utando mwembamba wa buibui; mchezaji akiimba ndani yake, utando hutetemeka na sauti hutoka kama ya tarumbeta. Kijana asiye na senti ya kununua ala ya shaba alijitengenezea bendi nzima kwa vitu vya shambani na vya kwenye paa la nyumba. Kikundi kilikuwa na mfalme, makapteni na wakaguzi wa mavazi. Kijiji kiliwaalika wenzao, kikawalaza na kuwalisha, kisha wakashindana mbele ya watazamaji, na mwaka uliofuata wenyeji wakawa wageni. Wanawake walikuwa na ngoma yao ya chioda, nayo ikiwa na safu, sare na viongozi.

Yapo mapingamizi mawili ya haki. La kwanza ni kwamba mganda ulikuwa uigaji wa askari wa mkoloni, hivyo si desturi ya kujivunia. Uigaji upo, hakuna anayeweza kuuficha. Ila tuangalie kilichochukuliwa na kilichoachwa: gwaride lilichukuliwa, bunduki na amri ya mzungu zikaachwa, na cheo cha kapteni akapewa mvuvi au mkulima wa ngoro, yaani mashimo ya kilimo cha mteremkoni, aliyekubaliwa na wenzake. La pili ni zito zaidi: ngoma ya kijiji na klabu ya shule ni vitu viwili, kwa kuwa shule ina mtaala, mkaguzi na mwalimu mlezi. Ni kweli. Lakini waliocheza na waliosoma walikuwa watoto wa nyumba zile zile, na ngoma na kwaya zimeingia hadi kwenye mashindano rasmi ya shule. Mwanafunzi hakuacha alichokijua langoni mwa shule.

Kilichotokea baada ya mwaka 1967 kinaipa nguvu hoja hii. Katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere hakutaka tu wanafunzi washike jembe. Alitaka washiriki kuamua mambo ya shamba la shule: kinacholimwa, na mapato yanayopatikana yatumikeje. Katika wilaya ya kahawa na ngoro, ambako mtoto anajua kilimo cha mteremkoni kabla ya kujua kuandika, wazo hilo lilikuwa na udongo wake. Likaharibika katika utekelezaji nchini kote. Shule nyingi zilichukua jembe na kuacha uamuzi, shamba likawa mahali pa kumpeleka aliyechelewa mstarini. Nalihesabu hili kuwa hasara kubwa kuliko inavyosemwa, kwa sababu lilifunza kizazi kizima kwamba kazi ya pamoja ni adhabu.

Kwaya ilipata bahati nzuri zaidi. Ilihama kanisani ikaingia shuleni, jeshini na kwenye siasa bila kupoteza muundo wake: kiongozi, sauti, sare, mazoezi ya jioni, na kikundi cha upande wa pili cha kushindana nacho. Kapteni John Komba, aliyezaliwa Lituhi mwaka 1954, aliongoza kikundi cha Tanzania One Theatre, na nyimbo zake za maombolezo ya mwaka 1999 zilisikika nchi nzima Mwalimu alipofariki. Alikuwa mbunge wa Mbinga Magharibi hadi alipofariki mwaka 2015. Kipaji ni cha mtu mmoja, lakini mwambao aliotoka ulikuwa umezoea vikundi vya kuimba vyenye nidhamu kwa vizazi kadhaa.

UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, nayo imedumu kwa sababu kama hiyo. Timu hutoka shule, ikaenda wilaya, mkoa, hadi taifa. Kuna mpinzani, kuna safari, kuna jina la shule la kulinda. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 michezo hii ilisitishwa kwa amri kutoka juu, ikarejeshwa baadaye katika muongo huo huo. Linganisha na klabu zinazofika shuleni zikiwa zimeshapangwa: ya kupinga rushwa, ya mazingira, ya afya. Malengo yake ni mema na ninayaunga mkono. Lakini jina, ratiba na ujumbe huja tayari, mwanafunzi anabaki kujaza orodha ya mahudhurio, na mwalimu mlezi akihamishwa klabu hufa. Mdahalo una kasoro nyingine: mara nyingi huendeshwa kwa Kiingereza, hivyo wazungumzaji ni watatu wanne wale wale, na ukumbi mzima unakaa kupiga makofi.

Watasema mitihani kwanza. Shule za kata zilizojengwa chini ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari (MMES) kati ya mwaka 2004 na 2009 zilianza na uhaba wa walimu wa sayansi na maabara. Je, jioni ipotee kwenye ngoma? Sidai kwamba klabu inapandisha ufaulu. Nasema kwamba jioni hiyo ipo kwa vyovyote. Mwanafunzi wa kutwa aliyepanga chumba mbali na kwao, katika yale yanayoitwa mageto, ataitumia mahali fulani na pamoja na watu fulani. Kwa msichana swali hili ni kali zaidi, kwani huulizwa kwa nini hajarudi nyumbani wakati mvulana yuko uwanjani. Chioda inaonyesha kwamba wanawake wa mwambao na milimani walikuwa na kikundi chao, viongozi wao na safari zao bila kijiji kuona aibu. Shule inayotaka klabu ya wasichana ina pa kuanzia: iwaache wachague viongozi wao na jambo lao, kisha iwape shule jirani ya kuitembelea. Mahindi na maharage ambayo wazazi huchangia kwa chakula cha wanafunzi yanatosha kuwalisha wageni siku moja, kama mganda ulivyolisha wageni wake, na mwaka unaofuata wao watakuwa wenyeji.